Mwalimu Aliyeanza kwa Kusikiliza

(Hotuba iliyosomwa redioni katika kipindi cha tafakari ya asubuhi)

Tunawasalimu ninyi akina mama mnaochochea moto wa uji, ninyi mnaongoja feri pale Likoni, ninyi wavuvi mliorudi ufuoni na ninyi mliolala macho mkiuguza wagonjwa. Bwana na awe pamoja nanyi. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache kabla kazi za siku hazijatutawanya.

Asubuhi hii tungependa kuzungumza juu ya mtu ambaye hatajwi mara nyingi katika mahubiri, naye ni mwalimu wa watoto wadogo. Tunasema juu ya yule apokeaye watoto wa miaka mitatu, minne na mitano, wanaofika wakilia na kamasi zikiwatoka, na ambao wengine hawajaweza kufunga vifungo vya shati. Ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Tiwi na Diani, ukafika Msambweni na Ramisi mpaka Lungalunga mpakani, mwalimu huyu humkosi. Utamkuta chini ya mwembe, au ubavuni mwa msikiti, au ndani ya jengo letu la kanisa siku ambazo hakuna ibada. Watu humwita "mwalimu wa nasari", na tazama jinsi neno hilo linavyotamkwa, kana kwamba si mwalimu kamili.

Basi hebu tuseme habari za mmoja wao. Jina lake ni Swafiya Said, na watu wengi wa pwani wamemjua kwa jina la Bi Swafiya. Alikuwa mwalimu wa Mombasa, na ni Mwislamu.

Huenda msikilizaji mmoja anauliza, "Mchungaji, katika kipindi cha Kanisa mbona mnatuletea mfano wa mama Mwislamu?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunalipata kwa Bwana wetu mwenyewe. Mwanasheria alipomwuliza jirani yake ni nani, Bwana hakumletea mfano wa kuhani wala wa Mlawi. Alimletea Msamaria, mtu wa kabila jingine na wa ibada nyingine, akamwambia aende akafanye kama yeye. Nasi hatutakuwa na haya kujifunza mahali ambapo Bwana hakuona haya kufundishia.

Kwanza inafaa tuelewe hali ya mambo ilivyokuwa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baadaye yeye na Rebmann wakakaa Rabai. Tangu siku zile shule na kanisa zilikwenda mkono kwa mkono, hata mahali pengi bara mtu aliyeamini aliitwa msomaji. Jambo hilo lilikuwa baraka kwa wengi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini hapa pwani watu walikuwa na masomo yao kabla mmisionari yeyote hajashuka chomboni. Watoto walikwenda chuoni kwa maalimu, wakajifunza herufi na Kurani, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Basi mzazi Mwislamu wa Msambweni alipoitazama shule aliona milango miwili. Mlango wa chuo ulimwambia, "Mtoto wako atabaki wako." Mlango wa shule ulimwambia, "Mtoto wako atapata kazi," lakini mzazi aliogopa kwamba akiingia pale atatoka akiwa mtoto wa watu wengine.

Wapendwa, msiicheke hofu hiyo. Hakuna mzazi atakayekubali kununua elimu kwa bei ya kumpoteza mwanawe. Matokeo yake yalikuwa kwamba watoto wengi Waislamu wa pwani walichelewa kuingia shule, au waliingia bila maandalizi, wakaachwa nyuma katika mitihani. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu mjini Mombasa walimwendea Aga Khan wa nne, aliyefariki mwaka 2025, wakamwomba msaada ili watoto wao wafanikiwe shuleni na wafike hata vyuo vikuu. Hata ombi hilo lilivuka mpaka, kwa kuwa Aga Khan ni kiongozi wa Waismailia, na Waislamu wengi wa pwani ni Wasunni wa madhehebu ya Shafii. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba ugonjwa haukuanzia chuo kikuu. Ulianzia chini kabisa, kwa mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza.

Hapo ndipo Bi Swafiya alipopewa kazi, na hapo ndipo tunapotaka mtege sikio.

Angeweza kuanza kwa kutafuta kiwanja, akajenga jengo zuri la mawe, akaandika kibao, kisha akangoja watoto. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya, halafu tunashangaa jengo linapobaki na popo. Yeye alianza kwa watu. Alikwenda kwa wazee, kwa maimamu na kwa akina mama, akauliza na kusikiliza. Aliuliza wazazi wanawatakia nini watoto wao, na wanaogopa nini. Akasikia kwamba wanaitaka shule, ila hawataki shule iichukue nafasi ya dini yao. Kwa hiyo hakuwalazimisha kuchagua mlango mmoja. Aliiunganisha milango ile miwili ikawa mmoja. Darasa la watoto lingekuwa pale pale madrasa, chini ya uangalizi wa jamii yenyewe, na humo mtoto angejifunza dua na adabu za dini yake pamoja na kuhesabu, kutambua herufi, kuimba, kucheza na kuuliza maswali. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986.

Na walimu wake walitoka wapi? Hawakuletwa kutoka mbali. Walikuwa akina mama na wasichana wa mtaa ule ule na kijiji kile kile, na wengi wao hawakuwa na masomo makubwa. Jirani waliwajua kama binti wa fulani au mke wa fulani. Bi Swafiya na wenzake waliwafundisha kazi, na baada ya kuwafundisha hawakuwaacha. Waliwafuata madarasani, wakakaa nao, wakaona mahali wanapokwama, wakawaonyesha njia, kisha wakarudi tena. Jamii nayo iliweka ahadi. Iliunda kamati, ikatoa mahali, ikasimamia shule, na wanawake wakapata sauti katika mashauri ambayo zamani yalikuwa ya wanaume peke yao.

Hebu ingieni pamoja nasi katika darasa la namna hiyo. Hamtaona watoto arobaini waliofungwa midomo wakikariri a, e, i, o, u kwa woga wa fimbo. Mtaona pembe mbalimbali za kazi. Katika pembe moja watoto wanapika chakula cha mchezo kwa vifuu vya nazi, na katika nyingine wanapanga vifuniko vya soda kwa rangi na kuvihesabu. Kuna vipande vya mbao vya kujengea, kuna kauri za pwani, kuna mchanga na maji, kuna vitabu vya picha vilivyoshonwa kwa mkono. Vitu hivi havikununuliwa kwa fedha nyingi. Viliokotwa ufuoni, jikoni na dukani. Mtoto anachagua kazi, anaifanya, kisha anaeleza alichofanya.

Njia hiyo ya kuchagua, kutenda na kueleza ilitiwa nguvu na mafunzo ya HighScope kutoka jimbo la Michigan, Marekani. Huko, katika mji wa Ypsilanti, mwaka 1962 David Weikart na wenzake walianza kuwafuatilia watoto 123 Weusi wa jamaa maskini. Baadhi yao walipewa masomo ya awali na wengine hawakupewa. Walipofika umri wa miaka 40, wale waliopewa walikuwa na mapato bora zaidi, na waliokamatwa na polisi mara nyingi walikuwa wachache kati yao. Ona ajabu ya jambo hilo. Miaka miwili ya kucheza na kufundishwa kwa upole ilionekana bado baada ya muda mrefu namna ile. Lakini Bi Swafiya hakuileta Michigan nzima Mombasa. Aliipokea mbegu, akaipanda katika udongo wa hapa, kwa nyimbo za hapa, hadithi za hapa na Kiswahili cha hapa.

Kazi ilikwenda polepole, bandu bandu. Ilienea pwani ya Kenya, nayo Kwale ikawamo. Mwaka 1990 ikavuka bahari hadi Zanzibar, na mwaka 1993 ikafika Uganda. Baada ya miaka ishirini na kitu, jamii zaidi ya 200 katika nchi hizo zilikuwa zimeanzisha shule za namna hiyo.

Sasa mtu mwenye busara atauliza, je, imefaa kweli, au ni maneno mazuri tu? Hata wakuu wa kazi hiyo walijiuliza hivyo. Kwa hiyo mtafiti Mkenya, Dakta Peter Mwaura, alipewa kazi ya kupima. Yeye pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford waliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Walilinganisha watoto waliokaa nyumbani, watoto waliokwenda shule nyingine za awali, na wale wa shule hizi za madrasa. Mwaka 2008 walitangaza waliyoyaona. Watoto waliosoma shule yoyote ya awali waliendelea zaidi katika akili na ufahamu kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliwapita wenzao wa shule nyingine. Na mjue kwamba walimu wao walikuwa wale wale binti wa fulani na mke wa fulani.

Tuna ushahidi mwingine, tena wa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2010 na 2012 watafiti walifanya kazi katika shule za msingi 101 za Kwale na Msambweni. Walijaribu mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuwapima watoto malaria shuleni na kuwatibu, na jambo hilo, ingawa lilikuwa jema, halikuleta faida iliyotarajiwa. La pili lilikuwa kuwasaidia walimu wa darasa la kwanza kufundisha kusoma. Walimu walipewa mafunzo na kitabu cha masomo yaliyopangwa, kisha wakawa wanapokea ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao wakasoma vizuri zaidi. Isitoshe, walioacha shule walipungua. Katika shule zisizopata msaada huo waliacha asilimia 5.3 ya watoto, na katika zile zilizosaidiwa asilimia 2.1.

Mnaona uzi unaounganisha habari hizi? Bi Swafiya hakuwa na simu za namna hiyo mwaka 1986, alikuwa na miguu. Lakini jambo ni lile lile. Mwalimu aliyetembelewa, akaulizwa hali, akakumbushwa kwamba hayuko peke yake, hufundisha. Mwalimu aliyeachwa peke yake na watoto hamsini hukata tamaa, na akikata tamaa yeye, watoto hawana mwingine.

Wapendwa, Maandiko yanatuonyesha jambo hilo hilo. Timotheo alikuwa mtumishi hodari, lakini Paulo anapomwandikia hamkumbushi chuo alichosoma. Anamkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, nao ndio waliomfundisha tangu utoto. Baba yake alikuwa Myunani, kwa hiyo hata nyumba ile ilikuwa na pande mbili. Wanawake wawili, ndani ya nyumba, kwa mtoto mdogo. Kanisa zima limekula matunda ya darasa lile, nasi hatujui hata rangi ya mkeka waliokalia.

Sasa tuligeuze neno hili lituelekee sisi wenyewe.

Makanisa yetu mengi ya pwani ya kusini yana nasari. Jumapili jengo ni la ibada, Jumatatu ni la watoto. Katika watoto hao wamo wa jamaa zetu waliokuja kutoka bara kutafuta riziki, na wamo watoto wa majirani zetu Wadigo, ambao wengi ni Waislamu, na Waduruma. Mama mwenye baibui anamleta mwanawe mpaka mlangoni mwa kanisa, anamwachia mwalimu wetu mkono wa mtoto, kisha anarudi nyumbani. Je, mmefikiri ni amana ya namna gani hiyo? Mama huyo amepita katika hofu ile tuliyoieleza. Ameishinda kwa sababu anamwamini mwalimu mmoja.

Amana hiyo si ndogo. Tunakumbuka mwezi wa Agosti mwaka 1997, fujo zilipozuka Likoni na sehemu za Kwale, watu wakauawa na maelfu wakayakimbia makazi yao. Jirani alimwogopa jirani. Watu wazima hawajifunzi kuogopana kwa siku moja. Hujifunza tangu utoto, na tangu utoto vilevile wanaweza kujifunza kuaminiana. Mtoto aliyejenga nyumba ya vipande vya mbao pamoja na mwenzake hamsahau upesi. Kwa hiyo mtoto wa jirani akiingia darasani kwetu, asilazimike kuiacha nyumba yake mlangoni. Jina lake litajwe sawasawa. Siku ya Idi mwalimu amwulize sikukuu ilikuwaje. Mama yake akaribishwe aone na aulize. Hatuifichi imani yetu kwa kufanya hivyo. Bwana wetu aliwakemea wanafunzi waliowazuia watoto, na Injili haisemi kwamba aliwauliza kwanza ni watoto wa nani.

Tena kuna jambo la mwalimu mwenyewe. Tumewaona walimu wa nasari ambao mwisho wa mwezi hupewa kile kilichobaki baada ya mambo mengine yote kulipwa, na mara nyingine hakuna kilichobaki. Hushona nguo, huuza mahamri alfajiri, kisha huingia darasani. Tangu Katiba ya mwaka 2010, elimu ya watoto kabla ya shule ya msingi ni wajibu wa serikali za kaunti, na Kwale nayo imejenga madarasa mengi tangu mwaka 2013. Tunashukuru kwa hayo. Lakini shule zilizo chini ya makanisa na misikiti bado ziko mikononi mwetu. Haifai tuimbe kwa sauti kuu juu ya upendo wa Mungu kwa watoto, huku anayewafuta machozi analala na njaa. Halmashauri ya kanisa inapokaa kupanga fedha, jina la mwalimu huyu na litajwe mwanzoni wala si mwishoni.

Nanyi msio na fedha, mna miguu. Juma hili mwendeeni mwalimu mmoja. Msimwendee kumkagua. Ketini nyuma ya darasa, mwone anavyofanya, kisha mwulizeni, "Mwalimu, tukusaidie nini?" Akisema anataka vifuu, okoteni vifuu. Akisema paa linavuja, leteni makuti. Akisema amechoka, kaeni na watoto saa moja apumzike. Akina mama wa umoja wetu, jambo hili mnaliweza hata bila kungoja mkutano.

Bi Swafiya hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Alikwenda kwa wazazi akasikiliza, akawaamini wanawake ambao wengine waliwahesabu kuwa hawajui kitu, akawarudia tena na tena mpaka wakajua. Na leo kuna watu wazima Mombasa, Kwale, Zanzibar na Kampala, ambao walianza kuhesabu kwa vifuniko vya soda mikononi mwa wanawake hao.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi wako, tunakushukuru kwa walimu wote wa watoto wadogo, wa kanisani, wa madrasa na wa chini ya miembe. Watie nguvu asubuhi hii wanapofungua milango. Uwape riziki yao, na utupe sisi moyo wa kuwakumbuka kwa matendo. Uwalinde watoto wa pwani hii, wa kila nyumba na kila ibada, wakue pamoja bila kuogopana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na siku yenu iwe njema.